Bi Mwalimu na Swali la Hamu

Wenye dhamana ni wajumbe wa baraza la usaili lililokaa Chake Chake katika miaka ile ya mwisho kabla ya bendera kubadilika, na baada yao ni ofisi iliyorithi kazi zao ikaziacha kama ilivyozikuta. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu nimetumikia serikali tangu ujana hadi kustaafu, na nimeona namna dhamana inavyopotezwa. Huanza kwa kusemwa kwamba jambo "liliamuliwa", kisha "lilionekana linafaa", na mwisho wake hapatikani aliyeamua wala aliyeona. Katika jambo hili aliyeamua alikuwepo na aliyeona alikuwepo. Mwenyekiti alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, na yeye nitampunguzia, kwa kuwa hakujua. Mjumbe aliyekaa kuliani kwake alikuwa mwenyeji, kazaliwa humu Pemba, kalelewa humu, kaoa humu, na alijua. Jina lake sitaliandika, maana watoto wake wapo na hawana kosa. Kiti chake nakiandika, kwa kuwa kiti hakifi na mwenye kukikalia.

Jambo lenyewe ni kwamba binti mmoja wa Wawi alinyimwa nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu bara kwa kuandikiwa kuwa hana hamu ya kujifunza. Nitalieleza mahali pake. Lakini siwezi kumweleza binti huyo kabla ya kumweleza aliyemfundisha, na kwa haki ni huyo wa pili ninayekusudia kumwandika. Shauri la binti limenikuta nikiwa tayari namkumbuka mwalimu wake, kama ninavyomkumbuka kila inapokaribia alasiri na mvua ikaanza kupiga juu ya bati.

Tulimwita Bi Mwalimu, na jina hilo lilimtosha mjini na mashamba. Walimu wanawake wengine walikuwepo, lakini ukisema "Bi Mwalimu" hakuna aliyekuuliza yupi. Alifundisha Kiingereza darasa la alasiri, lililowekwa kwa ajili ya vijana waliomaliza skuli na wanaotazamia kuendelea hadi chuo kikuu, pamoja na makarani kama mimi tuliotaka kuinua lugha yetu. Hakuwa mrefu. Alitembea akiinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, kama mtu anayesikiliza kitu nyuma ya ukuta. Viatu alivivua mlangoni, nasi tukavivua, kwa kuwa alisema elimu ni elimu, na kama chuoni kwa Kurani tunavua kwa ajili ya juzuu basi na hapa tutavua. Mkaguzi mmoja alipata kuingia na viatu vyake. Bi Mwalimu aliinuka. Alichukua ufagio akafagia nyuma ya kila hatua yake, taratibu, mpaka mkaguzi akatoka kwenda kuvivua.

Darasa lilikuwa chumba kirefu kilichopata kuwa ghala. Katikati palitundikwa jamvi, wanaume upande wa dirisha, wanawake upande wa mlango, na yeye akisimama mbele penye ncha ya jamvi akituona sote, sisi tusionane. Jamvi hilo halikuwa lake wala la ofisi. Lilikuwa la mwenye nyumba ya jirani, na msimu wa karafuu ukifika lilishushwa likaenda kuanikiwa. Wiki hizo zote tulisoma tumepeana migongo, wanaume wakitazama dirisha na wanawake wakitazama mlango. Aliyegeuka aliambiwa asimame asome kwa sauti ukurasa mzima, na ukurasa aliuchagua mwenyewe Bi Mwalimu. Jamvi lilirudi likinuka karafuu, na harufu hiyo ndiyo iliyobaki kwangu badala ya vitabu. Hata leo nikipita mahali palipoanikwa, maneno ya Kiingereza huniinukia yenyewe, na pamoja nayo huja kicheko cha upande wa pili wa jamvi, ambacho sikuwahi kujua ni cha nani hasa.

Palikuwa na desturi mwanzo wa kila muhula. Bi Mwalimu aliwauliza wanaume, mmoja baada ya mmoja, kwa nini wanajifunza Kiingereza. Wanaume tulijibu kwa vifua vilivyotunishwa. Huyu alitaka ukarani mkuu, yule alitaka uhakimu. Faki, kijana aliyekuwa akipima karafuu kwa muda huku akingoja nafasi ya masomo, alisimama akasema:

"Mie nataka gari, Bi Mwalimu."

"Gari la kuendesha au la kuendeshwa?"

"La kuendeshwa. Nikae nyuma."

"Basi jifunze sana. Ukikaa nyuma utakuwa na muda wa kusoma."

Darasa lilicheka pande zote mbili. Mwingine, mtu mzima kuliko sisi, alisema hataki chochote, ila anapenda tu kuisikia lugha inavyokwenda, kama mtu apendaye taarabu asiyoielewa. Bi Mwalimu akasema, "Wewe kaa mbele." Namtaja makusudi, kwa sababu wako watu wa ofisini waliokuwa wakisema wanaume hujifunza kwa faida na wanawake kwa pambo, na jambo hilo si kweli wala halikuwa kweli siku zile. Upande wa wanawake alikuwepo Bi Riziki, mjane, aliyetaka kazi na akaitaka waziwazi kwa kila aliyemsikiliza. Tofauti ilikuwepo, sikatai. Nimeishi nayo darasani kwa miaka. Lakini haikuwa katika kiasi cha hamu. Ilikuwa katika namna hamu inavyoruhusiwa kutoka.

Kwa maana wanawake hakuwauliza. Nilimuuliza sababu siku moja tulipokuwa tukifunga madirisha.

"Mwanangu," akasema, "mwanamume mwulize anataka nini, atakwambia, na pengine anakudanganya. Ntoto wa kike mtazame anafanya nini."

"Na wanafanya nini?"

"Tega sikio kesho."

Kesho yake nilitega. Baada ya kipindi, wanaume tulipokuwa tukitafuta viatu vyetu na tumekwisha kurudi katika Kipemba chetu, wao nyuma ya jamvi walikuwa wakigombana kwa Kiingereza. Ugomvi ulikuwa juu ya nani kakalia mkeka wa nani. Walisutana, wakasimangana, mmoja akamtishia mwenziwe kwamba atamshitaki kwa mfalme, na yote kwa lugha ya kitabu tulichosoma wiki ile. Kisha wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Hapakuwa na mtihani wa jambo lile, wala cheti. Mimi niliyekuwa nikijifunza ili nipande daraja nilisimama na kiatu kimoja mguuni, nikaona wivu.

Sauti iliyotisha kumshitaki mwenziwe kwa mfalme ilikuwa ya Raya, binti wa Wawi. Huyo ndiye aliyekuwa na jambo la kupoteza, na kwa hiyo ndiye Bi Mwalimu aliyemhofia kuliko wote. Alikuwa na ulimi mwepesi na kumbukumbu ya kutisha. Akisoma kifungu mara moja, alikieleza kwa maneno yake, akakipinga, kisha akakitetea dhidi ya upinzani wake mwenyewe. Hayo aliyafanya nyuma ya jamvi. Mbele ya wanaume alikuwa kama kila binti aliyelelewa vizuri kisiwani: macho chini, ukingo wa buibui mkononi.

Bi Mwalimu hakuona kasoro katika hilo, na hapa naingia katika mambo yake yaliyopingana. Mtu aliyefanya kazi ya kuwafundisha wanawake kusema ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya sauti zao. Binti aliyeita mtu kutoka dirishani alisimamishwa. Aliyejibu kabla ya mwenziwe mkubwa alinyamazishwa. "Haya si pazia," alisema, "haya ni ngozi. Ukiivua utaona baridi." Wakati huohuo yeye mwenyewe alisimama mbele ya wakaguzi akabishana nao mpaka wakatoa vitambaa vya kufutia jasho. Ukimuuliza vipi, alijibu kwamba yeye ni mtu mzima, na utu uzima una leseni yake.

Jingine: Kiingereza chake kilikuwa safi kiasi cha kuwatia mashaka waliotoka ng'ambo, lakini nje ya mlango wa darasa hakukisema kamwe. Sokoni alizungumza Kipemba cha ndani kabisa, kile ambacho watu wa Unguja wakikisikia hucheka kwanza kisha huomba warejelewe. Kijana mmoja wa darasa letu alikutana naye penye duka la vitambaa akamtolea salamu ya Kiingereza ya asubuhi, kwa mbwembwe, mbele za watu. Bi Mwalimu alikuwa amekwisha kumtolea salamu ya Kiislamu. Alisimama.

"Mie nimekuombea amani ya Mungu," akamwambia, "weye wanambia asubuhi hino nzuri? Kwani mie sina macho?"

Muuza duka alicheka mpaka akaegemea marobota. Yule kijana alikwepa njia ile mwezi mzima. Nami nadhani nilielewa baadaye kwamba hakuwa akikidharau Kiingereza. Alikiweka mahali pake, kama watu wawekavyo kanzu ya Idi, na hakupenda ivaliwe kwenda kuteka maji.

Hakuwa mtu mpole, na si haki kumfanya mpole kwa kuwa hayupo. Aliweka kinyongo. Mtu aliyemkosea akaomba radhi alisamehewa kwa mdomo, lakini kikombe alichopewa chai siku ile kilikuwa kile chenye ufa. Alikuwa na upendeleo, naye hakuuficha: aliyependa maneno alimpenda, na aliyependa cheo alimfundisha tu. Mimi nilifundishwa tu. Nilijua, nikavumilia, na kila siku niliyopita mbele ya meza yake nilitamani aseme nami kama alivyosema na yule mtu mzima aliyekaa mbele.

Ndipo ofisi ilipotangaza kwamba usaili wa nafasi za kwenda chuo kikuu bara utafanyika hapa hapa kisiwani, na kwamba mara hii wasichana nao wanaweza kupendekezwa. Bi Mwalimu alimpendekeza Raya siku ileile. Kilichobaki ni idhini ya mzee wake, mkulima wa Wawi, na Bi Mwalimu alinichukua pamoja naye kwa kuwa mimi ni wa ofisini na ningeweza kujibu habari za safari na malazi.

Mzee yule alitusikiliza mpaka mwisho huku akichonga mpini wa jembe. Hakupenda. Hakuficha kwamba hapendi. Lakini alikuwa mtu wa sharia, akasema hawezi kukataa wala kukubali kabla ya kumuuliza mwenyewe, akaingia ndani. Tulimsikia akiuliza, kisha hatukusikia kitu. Alirudi amekunja uso.

"Kanyamaza," akasema.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwalimu.

"Ndiyo balaa lenyewe! Nimemuuliza tena, kanyamaza tena. Nimesimama pale namtazama machoni, labda litatoka chozi. Angelia, ningepumua. Hata chozi moja hana huyu ntoto!"

"Basi amekubali, mzee."

"Nishajua amekubali. Nani asiyejua? Namshitakia Mungu."

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu nieleze, ingawa kwetu halielezwi. Mwanamwali haulizwi jambo kubwa akajibu "nataka". Anaulizwa, na akikataa atasema, au atalia, au atatoka. Akikubali atanyamaza. Ndivyo anavyoulizwa posa yake, na ndivyo kadhi anavyoipokea idhini yake. Hakuna kadhi kisiwani aliyewahi kuandika kuwa bibi harusi hakujibu. Kunyamaza huko ni tamko, nalo lina uzito wa sheria. Wanaume wote wa Pemba waliooa wanawali, pamoja na mimi, tumeoa kwa tamko hilo.

Siku chache kabla ya usaili nilimshauri Bi Mwalimu amzoeshe Raya kujibu maswali ya baraza, hasa lile la mwisho, ambalo nilijua huulizwa: je, wewe mwenyewe unataka kwenda? Nilimwambia amfundishe kusema ndiyo, kwa sauti, huku akitazama mbele.

"Nimfundishe kuiomba dunia kwa mdomo mpana, mbele ya wanaume?"

"Ni swali la usaili tu, Bi Mwalimu. Wao ndivyo wanavyotaka."

"Maswali ya masomo nimemfundisha, na atayajibu awashinde. Hilo jingine si somo. Na mle ndani yumo mtu wa hapa. Atawaeleza."

Alimtegemea mtu wa hapa. Nimelirudia jambo hili kichwani mwangu kwa miaka mingi, na kila mara naona kwamba lilikuwa tegemeo la haki. Kwa nini mtu mwenyeji huwekwa katika baraza la wageni, kama si kuwaeleza wasichokijua?

Usaili ulifanyika asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kuwaita wasailiwa, na mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Bi Mwalimu alikaa kwenye benchi la nje, mikono imefumbwa mapajani. Faki aliingia kabla ya Raya. Alisoma kwa kukwaruza, akaeleza kifungu kinyume, lakini alipoulizwa kama anataka kwenda alijibu kwa sauti iliyofika barabarani kwamba anataka kwa moyo wake wote, na kwamba ataitumikia nchi. Gari hakulitaja. Wajumbe walitabasamu, na mwenyekiti akaandika.

Raya aliingia. Alisoma vizuri kiasi kwamba mwenyekiti aliweka kalamu chini ili amsikilize. Alieleza kifungu. Alipoulizwa anaonaje maoni ya mwandishi, alisema, kwa sauti ndogo lakini bila kusita, kwamba mwandishi amesahau upande wa pili, na akautaja. Macho yake yalikuwa mezani, lakini maneno yalikwenda yalikotakiwa kwenda. Nilimgeukia Bi Mwalimu nikamwona anaitikia kwa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu mapigo ya wimbo. Sikupata kumwona na uso ule kabla ya hapo, wala sikuuona tena.

Kisha likaja swali la mwisho. Mwenyekiti aliliuliza kwa upole. Raya aliinamisha kichwa, akavuta buibui, akanyamaza. Mwenyekiti alirudia, polepole zaidi, akidhani hajaelewa. Raya akainama zaidi. Mwenyekiti alimgeukia mjumbe mwenyeji kwa macho ya kuuliza, na hapo ndipo dhamana iliposimama juu ya mtu mmoja. Mjumbe mwenyeji aliinua mabega yake, akayashusha.

"Hana hamu, inaonekana," akasema.

Bi Mwalimu alinipita mlangoni kabla sijasimama. Viatu alikuwa ameviacha chini ya benchi.

"Amesema ndiyo," akamwambia mwenyekiti, kwa Kiingereza. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akikisema nje ya darasa lake.

Mwenyekiti, kwa adabu, alisema kwamba yeye hakusikia kitu.

"Hivyo ndivyo linavyosikika kwetu, bwana. Muulize aliye karibu nawe."

Mjumbe mwenyeji alisema kwamba hili ni baraza la elimu, si baraza la ndoa, na kwamba mwenye kutaka chuo kikuu lazima aseme. Hapo Bi Mwalimu alimgeukia, akaacha Kiingereza.

"Na weye mkeo alisema? Ulipompeleka kadhi kwake, alipiga kelele 'namtaka, namtaka'? Au kadhi kaandika 'hana hamu', nawe ukamchukua hivyo hivyo?"

Tarishi aliyekuwa uani alicheka. Mjumbe wa tatu alicheka akajifanya anakohoa. Mjumbe mwenyeji hakucheka. Uso wake uliingia giza, na nilijua papo hapo kwamba hata kama alikuwa tayari kusahihisha neno lake, sasa hatalisahihisha, kwa kuwa kulisahihisha kungekuwa kukiri kicheko kile. Bi Mwalimu alikuwa na haki na alikosa subira, na nafasi ya Raya ilianguka katikati ya vitu hivyo viwili. Siandiki hili kumpunguzia mjumbe. Hasira ya mtu mmoja haiondoi wajibu wa mwingine. Raya aliambiwa aende. Alipopita mlangoni alikuwa na chozi, ambalo baba yake alilisubiri bure, nalo sasa halikuwa na wa kulipokea.

Tangazo la ofisi lilisema kwamba alama zake ni siri na kwamba hakuchaguliwa kwa kukosa hamu. Baada ya hapo upande wa wanawake wa darasa la alasiri ulifungwa, kwa hoja kwamba umethibitika hauna haja. Bi Mwalimu aliambiwa anaweza kuendelea na wanaume. Aliwajibu kwamba jamvi likishushwa limeshushwa kwa pande zote mbili, akafungasha, akaenda kwa ndugu zake Shumba. Faki alikwenda bara. Alirudi na cheo, na gari, na akakaa nyuma. Nilifanya naye kazi jengo moja kwa muda na sikumwona na kitabu. Kiingereza chake kilisimama pale gari lilipoanza kwenda. Sina uchungu naye. Alisema anachotaka, akakipata. Raya aliolewa Mtambile.

Nilimwona Bi Mwalimu mara moja tu baada ya hapo, miaka michache baadaye, nilipotumwa kaskazini kwa kazi za ofisi nikapita Shumba. Nilimkuta barazani anashona kofia. Alikuwa amepungua. Nilitoa shikamoo, akaitikia, akaniita "Bwana Karani" kwa dhihaka yake ya zamani, akaniletea chai. Tulizungumza habari za watu. Nikajiandaa kuaga.

"Una haraka?" akauliza.

"Gari linangoja, lakini litangoja."

"Basi kaa tuzungumze Kizungu kidogo."

Nilikaa tena. Mtu yule aliyewasuta watu sokoni!

"Hapa hakuna ntu wa kuzungumza naye," akasema. "Nasema peke yangu nikipika. Juzi nimetafuta neno, sikulipata. Neno dogo tu. Nimelala nalo, nimeamka nalo, halikuja. Yanaondoka, mwanangu. Moja moja, kama kuku wanaotoka uani."

Tukazungumza. Mwanzo nilikuwa nikijikwaa kwa haya, kama mwanafunzi. Tulizungumza habari za mvua, na za kofia, na jinsi matundu ya kofia yanavyohesabiwa. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu kijana. Aliposahau neno nilimpa, na niliposahau mimi alinipa na kunikaripia. Kisha aliinua ukingo wa kofia akauliza ule unaitwaje, nami sikukumbuka, naye hakukumbuka, tukacheka sote mpaka jirani akachungulia. Ilikuwa ndiyo siku niliyoingojea miaka yote niliyopita mbele ya meza yake, na ilikuwa imekuja kwangu kwa kuwa wengine wote hawapo.

Alipomaliza kucheka alirudi katika Kipemba.

"Watu wanadhani nilimtakia Raya," akasema. "Nilimtakia, ndiyo. Lakini kabla yake nilijitakia mie. Nilipokuwa kama yeye nilikitaka chuo kikuu hicho mpaka nikiota nipo ndani yake, nakaa benchi la mbele, na mwalimu ananiuliza. Siku zangu hakukuwa na baraza, hakukuwa na swali. Raya wao angalau walimuuliza." Alichoma sindano kitambaani. "Haya, nenda. Gari la serikali hilo."

Alifariki mimi nikiwa nimehamishiwa Unguja. Habari ilinifika baada ya maziko.

Tangu nilipostaafu nimekwenda Mtambile zaidi ya mara moja. Raya ni bibi sasa, ana wajukuu, ana duka dogo la barabarani, na kumbukumbu yake bado inatisha. Nilimwambia kwamba alifaulu. Nilimwambia kwamba nilikuwa mlangoni, kwamba mwenyekiti aliweka kalamu chini, na kwamba miongoni mwa waliosailiwa siku ile hapakuwa na aliyesoma kama yeye. Alinisikiliza huku akimpimia mtoto sukari. Kisha akasema:

"Ahsante, kaka. Lakini weye ulikuwa mlangoni. Waliokuwa mezani hawajanambia kitu."

Ana haki, na ni kwa ajili ya haki hiyo naandika. Kwa hiyo, nikiwa raia na mtumishi mstaafu mwenye sifa ya utumishi isiyo na doa, nadai rasmi kwa ofisi iliyorithi mamlaka ya baraza lile mambo yafuatayo. Iseme hadharani kwamba neno la mjumbe mwenyeji halikuwa kweli, na kwamba lilitamkwa na mtu aliyejua kuwa si kweli. Ikiri kwamba darasa la wanawake lilifungwa kwa hoja iliyojengwa juu ya neno hilo, na itaje nani alitia saini kulifunga. Isijitetee kwa kusema kwamba wahusika wamekufa, kwa kuwa ofisi yenyewe haijafa. Iko hai na inafungua milango kila asubuhi. Na baada ya hayo nadai aondoke mtu mwenye cheo, afike Mtambile kwa miguu yake, asimame mbele ya duka la Bi Raya mchana watu wakiwapo, na amwambie, kwa jina la serikali, kwamba siku ile alifaulu.